Nyama ya Kiganja Kimoja

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu huko Kasaji. Siku ya mwisho ya kilio, wifi yangu Rejine alisimama mbele ya watu waliojaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, akaninyooshea mkono. "Bantu ba kwetu, muangalie huyu," akasema. "Sisi mama alituzaa, lakini huyu njo alimuchunga. Ule mwaka wa Kolwezi, bila Bea, mama angekufa zamani." Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, na mzee mmoja wa kanisani akanigeukia akasema, "Aksanti, mama. Mungu aliona." Nilikuwa nimesimama kando ya sufuria ya mbuzi, upawa mkononi, nikigawa chakula cha wageni wa mwisho. Nikatazama chini. Watu walidhani ni unyenyekevu, na nikawaacha wadhani hivyo, kama nilivyowaacha kila mara kisa hicho kiliposimuliwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, na juzi hapo kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado umelowa.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa juzi tu, ndoa yetu ikiwa changa na bado hatujapata mtoto. Mimi na mume wangu Ilunga tuliishi Kolwezi, katika nyumba ya vyumba vitatu karibu na barabara ambayo malori ya madini hupita mchana kutwa. Vumbi lake lilikuwa jekundu na laini kama unga, likaingia hata ndani ya kabati lililofungwa, kwa hiyo sahani niliziosha mara mbili, baada ya kula na kabla ya kula. Mama Vero, mama wa Ilunga, alifika kwa treni kutoka Kasaji akiwa na kuku watatu waliofungwa miguu, gunia la unga wa mihogo, na goti la kulia lililovimba hata hakuweza kushuka ngazi ya behewa bila watu wawili. Tulimpa chumba cha nyuma tulichokuwa tukiweka makala, yaani mkaa. Nilikipiga maji siku nzima, lakini harufu ya makala haikutoka, na yeye akasema anaipenda, inamkumbusha jikoni kwake.

Alikuwa mama mnene, wa unene ule ambao kwetu huitwa afya. Daktari aliyemwona hakuuita hivyo. Alisema goti linahitaji kupasuliwa Lubumbashi, lakini mpasuaji hatampokea kabla hajapunguza kilo, maana hata presha yake haikuwa nzuri. Kisha akatuonyesha kwa mikono yake mwenyewe jinsi mama atakavyokula: bukari, yaani ugali wetu, isizidi ngumi moja, mboga viganja viwili vilivyokusanywa, nyama kiganja kimoja bila vidole, na unene wake usizidi wa kidole gumba. "Kiganja cha nani?" Ilunga akauliza, akicheka. "Cha mama mwenyewe," daktari akajibu. "Mtu mkubwa ana mkono mkubwa. Kila mmoja Mungu amempa mizani yake." Mama Vero akafungua mkono wake, akautazama kama kitu alichoazimwa.

Kazi hiyo ilinifaa mimi kuliko mtu yeyote Kolwezi. Nilikuwa nafanya kazi katika jiko la kambi moja ya mgodi, tukiwapikia mainjinia, na baadhi yao walihesabu kalori kama wengine wanavyohesabu shanga za rozari. Kulikuwa na mizani ndogo kwenye meza ya kugawia. Mpishi mkuu alinifundisha kukata kwanza, kukisia, halafu ndipo nipime, mpaka jicho lenyewe likawa mizani. Nilijifunza kwamba nyama ikiiva hupoteza karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo aliyepima mbichi na aliyepima iliyoiva hawasemi lugha moja. Nilijifunza kwamba paja la kuku hudanganya kwa mfupa, mbavu za mbuzi hudanganya zaidi, na mchuzi hudanganya kuliko vyote kwa sababu mafuta yake hayaonekani yakishapoa kwenye bukari. Kipande cha ukubwa wa kiberiti, cha ukubwa wa kipande cha sabuni, cha ukubwa wa kiganja: ungenionyesha chochote kati ya hivyo kwenye sahani nami ningekuambia gramu zake, na mizani ingenikubalia. Nilijivuna. Nisiseme uongo, nilijivuna sana.

Miezi ya kwanza tulicheka. Mama Vero aliketi kwenye kigoda karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, nikipika, akifuatilia kisu changu. "Bea, mufupa unahesabiwaka?" akaniuliza siku moja. "Hapana, mama. Mufupa haiko nyama." "Basi mi unipatie yenye mifupa mingi. Nitafyonza mpaka itaomba ruhusa." Nikampa shingo ya kuku na mbavu, naye akafyonza hadi mifupa ikang'aa, akaipanga kando ya sahani. Nilimfundisha kukisia. Nilikuwa nanyanyua kipande kwa uma, naye anafumba jicho moja, anasema, "Hii ni ya mi," au "Hii ni ya mi na ya padre." Mwezi hata mwezi, mizani ya kituo cha afya ilimshusha kilo. Sketi yake ya kanisani akaifunga kwa utepe. Akaanza kwenda misa kwa miguu, akiegemea bega langu, akimwambia kila aliyemsalimu njiani, "Ni huyu. Ni mukwe wangu njo ananipima." Hakuna mtu aliyewahi kunisifu namna hiyo hadharani, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kupenda kilo zake kuliko nilivyompenda yeye.

Mvua zilipoanza, kilo zikapanda. Mara ya kwanza muuguzi alisema labda ni nguo. Mara ya pili aliandika namba, akanitazama mimi, siyo mama, akauliza, "Kweli munafuata?" Nilikuwa nimevaa sare yangu ya jikoni, na foleni nzima ilisikia. Njiani kurudi nilitangulia. Mama Vero alisimama mara mbili kupumua, na mara zote mbili nilisimama mbele yake bila kumpa bega. Nyumbani nikaitoa nyama ya mbuzi niliyokuwa nimenunua asubuhi, nikakata, nikakisia, nikapima kwenye mizani niliyoazima kazini. Jicho langu halikuwa limekosea hata kidogo. Basi nikasema moyoni kwamba kama mpimaji hajakosea, aliyekosea ni mlaji.

Tangu juma lile nilibadili kiganja. Mama Vero alikuwa na mikono ya mtu aliyelima mihogo tangu utoto. Mkono wangu ukiwekwa juu ya wake ulibaki kama wa mtoto. Nikaacha kupima kwa wake, nikaanza kupima kwa wangu, na mara moja kwa siku badala ya mara mbili. Sikumwambia yeye, wala Ilunga. Mama aliitazama sahani siku ya kwanza, akaizungusha kidogo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Bea, nyama inapanda bei ku soko?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Ni kilo yako njo inapanda." Hakucheka. Akaosha mikono tena ingawa ilikuwa safi, akala.

Kilo hazikushuka. Halafu paja moja la kuku nililokuwa nimelifunika kwa ajili ya kesho yake likapotea sufuriani, na hapo nikawa na hakika. Alasiri moja nilirudi mapema kutoka kazini, nikasikia sauti upande wa uani. Jirani yetu, Mama Godelive, ambaye ukuta wa nyumba yake ndio ulikuwa ukuta wa nyumba yetu, alikuwa ameketi na mama wakichambua sombe, majani ya mihogo. "Mama Vero," alisema, "mi sisemake maneno ya mu manyumba ya bantu. Lakini huyu mutoto anakunyima nyama. Sisi wote tunaona." Nikasimama nyuma ya mlango, viatu mkononi. Mama Vero aliendelea kuchana majani. "Haninyime," akasema hatimaye. "Ananipima. Ni mi njo mugonjwa, ye anateseka na mi. Mwili wangu njo mukaidi, sijue iko na nini." Mtu mwingine angetoka nje akapiga magoti. Mimi nilisimama pale nikawaza: mjanja huyu mama, anajua nimeshafika.

Mjukuu wake, mwana wa Rejine, alipopokea komunyo ya kwanza, karamu ilifanyika kwa Rejine. Mama Vero aliwekwa kwenye kiti chenye mito, upande wa heshima, karibu na wakwe wa Rejine waliotoka Lubudi. Walikuwa wamechinja mbuzi. Mimi nilikuwa mlangoni nikisaidia kupitisha vinywaji, ndipo nikamwona Rejine akimpelekea mama yake sahani: vipande viwili vya paja, vinene, vikiogelea kwenye mchuzi. Jicho langu likafanya kazi yake bila kuombwa. Viganja vitatu vyangu, nikasema, bila kuhesabu mafuta. Nikavuka sebule yote. Nikatabasamu, nikisema kwa sauti ya kubembeleza ambayo mpaka leo inanikera masikioni, "Mama, unasahau dawa yako." Nikachukua uma, nikainua kipande kimoja, nikakiweka kwenye sahani tupu. Halafu nikainua cha pili, nikakikata, nikamwachia nusu.

Baba mkwe wa Rejine, mzee aliyekuwa akisimulia habari za reli, alikatiza sentensi yake akaangalia viatu vyake. Kwetu mama mkwe na mukwe wake hawali sahani moja, sembuse mama kutolewa nyama kwenye sahani na huyo mukwe, mbele ya wakwe wengine. Mama Vero alikuwa tayari ameosha mikono. Aliiweka magotini, ikilowesha kitenge chake. "Aksanti, mwana," akaniambia. Kisha akawageukia wageni, akasema kwa uchangamfu, "Bananichunga kama yai," na watu wakashukuru kupata kitu cha kuchekea. Alikula bukari na kabichi. Ile nusu hakuigusa. Tukirudi nyumbani, Ilunga aliniambia chinichini, "Ulifanya muzuri. Ye mwenyewe hawezi kujizuia." Nilifurahi, na furaha ile ndiyo ninayoiona aibu zaidi kuliko kitendo chenyewe.

Baada ya karamu ile kulikuwa na mambo ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyaona. Mama Vero aliomba sandali kuukuu za Ilunga kwa sababu zake zimembana. Nikamwambia, "Unaona, mama, hata miguu inanenepa." Aliomba mto wa pili, halafu wa tatu. Kisha akaacha kabisa kulala kitandani, akawa anasinzia ameketi kwenye kiti cha ukumbini, karibu na mlango wa jiko. Alisema akilala chali anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Mimi nilipokiona kiti kile karibu na jiko, nilielewa jambo moja tu. Nikanunua kufuli ndogo, nikalifunga kabati la chakula, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari yangu. Alinitazama nikilifunga. Aliusogeza mguu wake ili nipite.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nachambua dagaa, nikasikia ndoo ikianguka kwenye bomba la uani. Nilimkuta ameushika ukuta kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, akivuta hewa kama anayekunywa kwenye kikombe kisicho na kitu. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Ilunga alikuwa kazini. Nilipiga kelele, Mama Godelive akaja na wanawe, tukamwingiza kwenye teksi, nami nikamshikilia mgongoni njia nzima kwa sababu hakuweza kuegemea. Hospitalini alitupokea daktari kijana, mwanamke, aliyefunua kitenge mguuni, akabonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye bukari ambayo haijapoa. Akabonyeza juu ya goti, shimo likabaki. Akabonyeza kiunoni. "Huyu mama hanenepe," akasema. "Haya ni maji. Moyo umechoka kuyasukuma. Imeanza lini?" Nikamwambia, tangu mvua za kwanza. "Na anakulaka nini?"

Nilimjibu kama nilivyozoea kuwajibu mainjinia, kwa gramu. Hata pale, na mama akihema nyuma yangu, niliona fahari kwamba najua. Daktari alikuwa anaandika. "Nyama hiyo ni kwa mlo mmoja?" akauliza. "Kwa siku," nikasema. Kalamu ikasimama. Alinitazama, siyo kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. "Mama huyu ni mkubwa," akasema polepole. "Nani alikuambia kidogo hivi?" Daktari wa kwanza hakuniambia hivyo. Hakuna mtu aliyeniambia.

Walimchoma sindano za kutoa maji. Kwa siku kadhaa mama alikojoa tu, akiomba radhi kila mara ndoo ilipobebwa. Mwili ukashuka kama mto wakati wa kiangazi, na kilichotokea chini yake sikukijua. Rejine alikuwa amejifungua juma lile lile, hakuna binti mwingine karibu, kwa hiyo kazi ya kumwogesha iliniangukia mimi, jambo ambalo mila isingeliruhusu na ambalo yeye alilikubali kwa kufumba macho. Nilimvua gauni la hospitali. Mifupa ya mabega ilijitokeza. Mbavu ningeweza kuzihesabu. Ngozi ya mikono ilining'inia, na mapaja yale niliyoyaona manene yalikuwa membamba kuliko yangu. Alikuwa amekonda miezi mingi, ndani ya maji, mbele ya jicho langu lisilokosea. Nilimpitishia kitambaa mgongoni taratibu, nikiogopa kumuumiza. "Bea," akasema bila kufumbua macho, "sasa kilo iko muzuri?" Nikasema, "Iko muzuri, mama." Akashusha pumzi ndefu. "Mungu asifiwe. Nilikusumbua sana."

Jioni ile Ilunga aliketi nami kwenye benchi la nje, tukila mikate. Ili kunichangamsha alinikumbusha lile paja la kuku. "Siku ile nilitoka zamu na njaa, nikalikula nikisimama," akasema, akicheka. "Nikawaza, Bea ataniua." Hakujua nilikuwa nimemhukumu nani kwa paja hilo. Niliinuka, nikaenda kusimama nyuma ya ukuta, naye akawapigia simu ndugu zake wote kuwaambia jinsi nilivyochoka kwa ajili ya mama yao, jinsi nilivyombeba mwenyewe hadi kwenye teksi, jinsi nilivyomwogesha kama mtoto aliyemzaa. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndivyo kisa kilivyozaliwa, kikakua, kikawa kile Rejine alichokisimulia kwenye kilio.

Nilijaribu mara moja. Kabla mama hajatoka hospitalini niliketi kwenye ukingo wa kitanda nikamwambia, "Mama, mi nilikukosea. Kwa ile mambo ya nyama." Alinipapasa goti. "Hapana, mwana. Ulipima vile munganga alisema." Hapo ndipo ningesema kwamba sikupima vile daktari alisema, kwamba nilibadili mkono. Muuguzi akaingia na vidonge. Alipotoka, mama alikuwa ameanza kusali, nami nikaitikia sala yake. Nimejiuliza mara nyingi kama nilinyamaza kwa kumwonea huruma. Jibu ni hapana. Nilitaka aendelee kuniita mwana.

Goti halikupasuliwa kamwe. Alirudi Kasaji na fimbo na vidonge vyake, akaishi miaka mingi, mingi kuliko madaktari walivyotegemea, na kila mwaka tulienda kumwona, kwanza wawili, halafu na watoto. Hakunionyesha kinyongo hata siku moja. Lakini tabia moja ilimbaki. Popote alipokula, nikiwepo mimi, kabla ya kutia nyama mdomoni aliinyanyua kidogo na kunitazama, akisubiri niitikie kwa kichwa. Alifanya hivyo kwenye harusi, alifanya hivyo kwenye kilio cha dada yake, na wajukuu wakidhani ni mchezo baina yetu wakawa wanamwiga na kucheka. Hakufanya kwa uchungu, na ndiyo maana sikuweza kumkataza. Nilimfundisha mimi, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kiangazi kilichopita, nyumbani kwake. Alikuwa amemchinjia mgeni wake jogoo, na mgeni huyo nilikuwa mimi peke yangu. Ilunga alikuwa amebaki kazini. Miaka ilikuwa imemaliza haya ya zamani, tukala sahani moja, jambo ambalo mama yangu mzazi angelishangaa. Alichukua paja, akalinyanyua. "Bea, hii?" Nikamwambia, "Kula, mama. Kula yote. Hakuna kupima tena." Akaligeuza huku na huku, akafumba jicho moja. Kisha akalivunja kwa vidole vyake vikubwa, akabakiza sehemu ndogo upande wake, na ile kubwa akaisukuma upande wangu. "Inanitosha," akasema. "Wewe njo uko na nguvu ya kazi. Kula, mwana." Nikala mpaka mfupa, maana kukataa chakula anachokupa mama mkwe, nyumbani kwake, kwa mkono wake, kungekuwa kumvunjia heshima.